Mwaka Nilioitwa Zuhura

Mwalimu amefariki akiwa na miaka themanini na minne, kitandani kwake, kule Madale, baada ya kunywa chai na kumlalamikia msichana wa kazi kwamba sukari imezidi. Nalisema hili mwanzoni ili msomaji asikae roho juu. Hakuteseka, hakulazwa, hakumsumbua mtu. Sie tuliobaki tulilia, ndiyo, lakini nilivyolia mie kulikuwa na nafuu ndani yake, na siioni aibu kuisema. Jumamosi tulikusanyika pale kwake kumuaga kabla ya kumsafirisha kwenda Same. Dada mmoja wa kamati alikuwa anazunguka na simu mkononi, anaandika watu wa kupanda gari la kwanza, lile la familia. Akamfikia Neema, binti wa marehemu, akamuuliza watoto waandikwe akina nani. Neema akamwambia, "Andika Neema na Milena." Yule dada akamtazama binti wa Neema aliyekuwa anagawa maji, kwa kuwa naye anaitwa Milena, akasema lakini huyu si mjukuu? Neema akaninyooshea mimi kidole. Mie nimekaa zangu mkekani na baibui langu jeusi, katikati ya wanakwaya. Mzee mmoja aliyetoka Same akamnong'oneza mwenzake, na watu wa umri ule wakinong'ona mtaa mzima unasikia: "Milena si tulimzika zamani?" Mwenzake akamjibu, "Huyo ni mwingine." Basi, huyo mwingine ndiye mimi, na nataka kueleza nilivyofika kwenye gari la kwanza.

Habari za ukoo wangu nitaziruka. Ni watu wa Mbagala, walikuwepo tangu Mbagala ni mikorosho mitupu, hilo linatosha. Jina ndilo siwezi kuliruka. Mama yangu alijifungulia kwenye zahanati moja ya Temeke wakati ambapo kulikuwa na mkunga wa Kizungu aliyetoka Yugoslavia, nchi ambayo siku hizi ukiitafuta kwenye ramani huioni. Alikuwa anaitwa Milena. Mama anasema alikuwa mrefu mpaka anainama mlangoni, na Kiswahili chake kilikuwa maneno ya kuhesabika, ila neno "sukuma" alilijua kuliko mtu yeyote wa Dar es Salaam. Kitanda cha pili yake alilala mwalimu kijana, Mpare, ndiye huyu Mwalimu tuliyemuaga, aliyehamia mjini mwaka uleule. Wote wawili uzazi uliwawia mgumu, na yule mkunga hakutoka chumbani tangu asubuhi hadi jioni. Mtoto wa mwalimu alitoka asubuhi, mie nikatoka jioni. Kwa watu wetu, aliyekuokolea mtoto unampa jina, huna kingine cha kumlipa kinacholingana. Kina mama wakamuuliza maana ya jina lake, akawaambia ni mpenzi, mtu anayependwa. Wakapeana macho, wakaona linafaa. Yule mkunga akarudi siku ya pili na kofia mbili za sufu alizofuma kwa mkono, katika joto hili letu, tukavishwa tukatokwa majasho. Kwa hiyo tukawa Milena wawili, yule Mkristo wa Same na mimi Mwislamu wa Mbagala. Na baba, ili ustadhi wa chuoni asipate taabu, akaniongezea Zuhura.

Ikawa kwa miaka kadhaa mama zetu wanatembeleana, Idd kwetu, Krismasi kwao, mpaka Mwalimu alipohamia Kinondoni na kutembeleana kukapungua. Yule mwenzangu nilimwona mara chache nikiwa mdogo. Nakumbuka alikuwa na meno ya mbele yaliyoachana na hakutaka kunipa zamu ya kuruka kamba. Tulipofika miaka kumi na sita, malaria ilimpanda kichwani wakati wa likizo, siku mbili tu akaondoka. Mama yangu alikwenda msibani, akarudi hana sauti. Mie mwaka uliofuata nikamaliza kidato cha nne na kupata divisheni ziro, ziro safi isiyo na mjadala. Baba akasema nitapewa nafasi moja ya kurisiti, moja tu. Nikifeli tena nitakwenda Rufiji kukaa na shangazi, na huko alikuwepo mtu amekwishaniulizia, mtu mzima mwenye wake wawili na meno machache. Nililia mpaka nikavimba uso. Halafu ikaja habari, bila sie kuomba, kwamba Mwalimu wa Kinondoni anasema, kama binti anataka kurudia mtihani, aletwe akae kwake, atamfundisha mwenyewe.

Siku ya kuondoka mama alinikalisha juu ya kitanda, akafunga mlango. "Sikiliza. Yule mwenzangu ana kidonda, na jina lako ndilo la mtoto wake. Usilitaje mle ndani hata siku moja. Ukiulizwa, wewe ni Zuhura. Ukiitwa Zuhura, itika." Nikamwambia mbona ananijua jina langu toka nilipozaliwa. Akasema, "Kujua anajua. Kusikia ndiko kunakouma." Niliona mama amewaza jambo la utu, na hadi leo naona hivyo. Tulipofika Kinondoni, Mwalimu alifungua mlango mwenyewe. Alikuwa mwanamke mwembamba, kichwa kimefungwa kitambaa, chaki imemkaa kwenye kucha. Mama akawahi kabla sijaamkia. Akasema, "Mwalimu, nimekuletea Zuhura wako." Mwalimu alitulia na mkono wake kwenye komeo. Alinitazama, akamtazama mama, akanitazama tena, nami nikamwamkia shikamoo nikiangalia chini. "Marahaba," akasema. "Karibu, Zuhura." Mama akaniminya mkono kwa furaha, kwamba tumeanza vizuri.

Nyumba ile naweza kuichora sasa hivi. Sebule ilikuwa na makochi ya mbao yenye vitambaa vya kufuma, saa ya ukutani iliyokwenda mbele dakika kumi kwa makusudi, kalenda ya kanisa, na katikati ya ukuta kipande cha mraba ambapo rangi ilikuwa bado mpya, msumari umebaki. Nilijua mara moja kwamba palikuwa na picha na ni picha ya nani. Nikasema moyoni, maskini, hata picha hawezi kuitazama. Chumbani nililala na Neema, wakati huo ana miaka kumi, anapiga mateke usingizini. Mume wa Mwalimu alikuwa na kazi Tanga, anakuja mwisho wa mwezi na gunia la machungwa. Nyuma kulikuwa na ua, jiko la nje, na pembeni ya jiko stoo ya mahindi, ambayo Mwalimu aliifagia akaniwekea meza na kiti. Ndiyo ilikuwa shule yangu. Kati ya stoo na jiko palikuwa na ukuta wa matofali yenye matundu, harufu zote zinapita na maneno yote yanapita.

Wiki ya kwanza niligundua kwamba sufuria zilikuwa mpya. Neema ndiye aliyenitobolea kwamba zile za zamani zilipelekwa kwa jirani kwa sababu ziliwahi kupikiwa kitimoto, nyama ya nguruwe, siku ya Krismasi. Mwalimu mwenyewe hakuniambia kitu. Alikuwa mtu wa namna hiyo, anakutendea jambo halafu anajifanya kama lilikuwepo toka zamani. Jumanne na Ijumaa tulikula makande. Makande ya Kipare bila nazi ni adhabu, nasema hivi nikijua Neema atasoma, na Mwalimu aliona ninavyotafuna kwa subira. Ijumaa iliyofuata yakaja yana nazi. Akasema kwamba daktari kamwambia nazi ni nzuri kwa macho. Ulipoingia mwezi wa Ramadhani alisogeza chakula cha nyumba nzima kwenye saa ya futari. Neema akilalamika kwamba njaa inamuuma, anaambiwa akale ndizi kimya kimya nyuma ya nyumba, asimtamanishe dada yake. Tulikaa sote sebuleni kungojea adhana ya msikiti wa mtaa wa pili, na Mwalimu, Mlutheri wa kuimba sauti ya pili, ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema, "Tayari, huyo anaadhini." Nilimpenda. Nilijizuia nisimpende sana kwa sababu mama alikuwa Mbagala na nilihisi namuibia, lakini nilimpenda.

Masomo yalikuwa mengine. Hapo alikuwa hana huruma. Alinifundisha hesabu kwa kunirudisha mpaka darasa la tano, akisema nyumba yangu haina msingi na yeye hapaki rangi kwenye ufa. Historia na jiografia alinipa madaftari ya kusoma, yamefunikwa upya kwa karatasi ya kaki, bila jina nje. Mwandiko ulikuwa mzuri, wa kulala kidogo, na pembeni mtu alikuwa amechora maua akiwa amechoka kusikiliza. Nilisoma miezi miwili kabla sijabandua kona ya ile kaki. Chini yake palikuwa na jalada lenyewe, na juu ya jalada jina. Jina langu, mwandiko si wangu. Nilikaa pale stoo na mahindi yangu nikaogopa, halafu uoga ukaisha ikabaki huruma, nikairudisha ile karatasi na kuigundisha kwa uji. Toka siku hiyo nilikuwa nikisoma najihisi tunasoma wawili. Alipokosea yeye nami nilikosea, na nilipomaliza daftari moja nilimshukuru kwa sauti, nikamwambia asante somo, kama wanavyoitana watu wa jina moja huku kwetu.

Jambo moja sikulielewa wakati ule, nimelielewa nikiwa na watoto wangu. Hakuna mtu aliyemwita Mwalimu jina lake la umama. Mwanamke wa Kitanzania akishazaa anaitwa kwa mtoto wake wa kwanza, jina alilopewa na wazazi linakwenda kukaa kwenye vyeti. Kwa miaka kumi na sita yeye alikuwa Mama Milena. Baada ya msiba watu wakaona haya kulitamka. Mama Shani, aliyekuwa anakaanga mihogo upande wa pili wa barabara, alikuwa anamwambia, "Habari za kazi, Mwalimu." Kwa mchungaji ni Mwalimu, kwa muuza mkaa ni Mwalimu, mumewe naye akija kutoka Tanga ni Mwalimu. Walikuwa wanampumzisha. Mie niliona ni heshima iliyoje, mtaa mzima umekubaliana kumfichia mwenzao kidonda, nami nikajiona nimo kwenye kazi hiyo njema, tena nimekabidhiwa sehemu ngumu kuliko wote. Nikawa makini kupita kiasi. Fomu ya mtihani nilikwenda kuijaza peke yangu ili asione nilichoandika. Barua za nyumbani nilikwenda kuzichukua dukani kabla hajapita. Kila aliponiita Zuhura niliitika haraka, maana niliogopa nikichelewa atakumbuka.

Mwezi mmoja na nusu kabla ya mtihani alikuja dada yake kutoka Same, mama wa makamo, mnene, mpole, aliyeleta maharage na habari za kila kaburi kijijini. Siku hiyo ilikuwa mchana, saa nane hivi. Mie niko stoo na milinganyo yangu, wao wako jikoni wanachambua mchele. Mwalimu hakukubali kuongea Kipare mgeni akiwepo, hata akiwa chumba cha pili, alisema ni kumsengenya. Kwa hiyo nilielewa kila kitu, na laiti wangeongea Kipare. Dada yake akauliza, "Huyu binti utakaa naye mpaka lini?" Mwalimu akasema mpaka amalize mtihani. "Na wewe unaweza?" Nikasikia punje za mchele zinaanguka kwenye ungo. Kisha Mwalimu akasema, taratibu, "Kuna siku naona nitashindwa. Nikimwona anaingia na ndoo mlangoni, jina linanifika hapa, nalimeza. Asubuhi namwamsha, nalimeza. Mwaka mzima nalimeza, dada. Nimechoka." Dada yake akasema, "Pole mdogo wangu." Nikasikia mtu anapenga kamasi. Kalamu ilinidondoka, sikuthubutu hata kuiokota.

Leo nikiyasikia tena maneno yale nayaona yalivyokuwa wazi, lakini nilikuwa na miaka kumi na minane na nilikuwa nimeshapangiwa kuyasikia vingine. Nilichoelewa ni kwamba mie ndiye mateso ya yule mama. Anaosha sufuria kwa ajili yangu, anatia nazi, anafundisha mpaka sauti inakauka, na wakati wote huo namkata kisu kwa kuwepo tu. Nikaamua kuondoka. Haukuwa uamuzi mdogo. Kuondoka Kinondoni kulikuwa ni kuacha mtihani, maana Mbagala tulikuwa watu tisa vyumba viwili, na hesabu zangu zilikuwa ndiyo kwanza zinaanza kusimama. Kuacha mtihani kulikuwa ni Rufiji, shangazi, na yule mwenye meno machache. Nililiwaza hilo siku kadhaa, nikanywa chai nikaliwaza, nikafua nikaliwaza, na kila nilipomwangalia Mwalimu usoni nikaona ameungua zaidi. Nikasema potelea mbali, siwezi kufaulu juu ya machozi ya mtu. Nikaanza kupunguza nguo zangu moja moja kwenye kamba na kuzikunja ndani ya begi. Kituo cha mtihani walipotangaza kwamba watahiniwa wa kujitegemea wafike kuchukua namba zao, sikwenda. Mwalimu aliuliza mara mbili, "Zuhura, namba bado hawajatoa?" Nikamwambia bado. Ndio uongo pekee niliowahi kumwambia kwa makusudi, na ulinikaa kooni kuliko lile jina.

Sasa, karani wa kile kituo alikuwa anakaa mtaa wa nyuma yetu, bwana mmoja mwenye baiskeli na suruali iliyobanwa kwa kibanio cha nguo. Bado siku tano mtihani uanze, jioni, Mwalimu anakaanga samaki kule uani, mie nachambua mchicha, Neema anaimba nyimbo za Jumapili, tukasikia kengele ya baiskeli na mtu anabisha hodi mlango wa mbele ambao ulikuwa wazi. Hakungoja kukaribishwa. Akapita sebuleni mpaka kwenye mlango wa uani, kikadi mkononi, akasema kwa sauti ya mtu mwenye haraka, "Samahani Mwalimu, kuna mtahiniwa ameandika anakaa hapa na namba yake hajaifuata. Kesho tunafunga. Nani Milena hapa?"

Neema akaacha kuimba. Samaki waliendelea kulia kwenye mafuta, hakuna aliyewageuza. Niliinamisha kichwa kwenye ungo wa mchicha nikaomba ardhi ipasuke, na haikupasuka. Nilisikia Mwalimu anaweka mwiko chini. Nikajua sasa basi, nimemchinja, mwaka mzima wa kujificha na mwisho wake jina limetamkwa na mtu wa baiskeli, katikati ya ua wake, tena kwa sauti. Ndipo nikasikia sauti yake, ya chini, haina hasira hata kidogo. "Itika, mwanangu. Unaitwa." Nikainua uso. Alikuwa ananitazama kama siku ile ya kwanza mlangoni. Nikasema, "Ni mimi." Karani akanipa kikadi, akanitaka nisaini, akasifia harufu ya samaki, akaondoka zake bila kujua alichokifanya. Mpaka anakufa hakujua, Mungu amrehemu.

Nilianza kuomba radhi kabla karani hajafika kwenye kona. Nilisema nisamehe Mwalimu, nilitaka kuondoka, begi liko tayari, nilikusikia ukiongea na dada yako, najua nakuumiza, mama aliniambia nisilitaje. Maneno yalitoka hovyo, hayana mpangilio. Mwalimu alivuta kigoda akakaa mbele yangu, magoti yake yakagusa yangu. "Mama yako alikuambia usilitaje kwa nini?" Nikamwambia, ili usiumie. Alinitazama, akafumba macho, na nikaona mdomo wake unacheza, sikujua analia au anacheka, na kumbe ni vyote. "Mimi nilidhani nyie ndio hamlitaki," akasema. "Mama yako aliposema Zuhura pale mlangoni, nikajua wanaogopa mtoto wao aitwe jina la marehemu ndani ya nyumba yenye msiba. Nikasema wana haki. Ningekuwa yeye na mimi ningeogopa. Ndiyo maana picha niliitoa ukutani, usije ukaona mwenzio amekukodolea macho ukashindwa kulala. Madaftari nikayafunika." Nikamwambia, na kumeza je? "Kumeza jina," akasema. "Nilikuomba kwa mama yako kwa sababu ya hilo jina, wewe. Nilitaka niwe naita tu. Mtu akiingia nimwite, chakula kikiiva nimwite. Mtaani wote wamelitupa. Likija hapa, nikikuangalia, nalimeza ili nisikutishe."

Neema, aliyekuwa amesimama na mchicha mkononi, akasema kwa unyonge, "Mie nilikuwa najua anaitwa Milena. Mama ulinikataza." Hapo tulicheka, tukacheka kweli, watu wazima wawili na mtoto, samaki wanaungua na hakuna anayejali. Nilihisi mwili wangu wote umelegea, kama mtu aliyevuliwa viatu vilivyombana toka asubuhi. Mwaka mzima! Tulikuwa tumeoneana huruma mpaka tukakaribia kuuana. Ningeondoka kesho yake asubuhi, yeye angebaki anajiuliza amenikosea nini, mie ningekuwa Rufiji nampakulia mtu ugali, na kila mmoja angekufa akiamini amemtendea mwenzake wema. Nikiwaza hilo hadi leo natetemeka kwanza, halafu napumua. Mtihani niliufanya, na nilifaulu, si kwa kutisha lakini kwa kutosha, na nikapata chuo cha ualimu na maisha niliyoishi. Mtu wa Rufiji alioa kwingine. Lakini hayo yalikuja baadaye, na kwangu mwaka ule uliishia jioni ileile.

Tulipookoa samaki waliookoleka, Mwalimu alinawa mikono akajifuta kwa kanga. Akasema, kwa aibu kidogo, kama anayeomba kitu kikubwa, "Nikuombe jambo. Toka nje. Nenda mpaka pale kwa muuza mkaa, usimame." Nikamuuliza nikafanye nini. "Usifanye kitu. Simama tu, kama mtu anayecheza nje." Nikaelewa. Nilivaa kandambili zangu nikatoka, nikavuka barabara, nikasimama karibu na magunia ya mkaa. Ilikuwa jua linazama, mama wote wa mtaa wako nje na majiko yao, watoto wanaitwa huku na huko wakaoge. Mama Shani alikuwa anageuza mihogo, akaniuliza, "Zuhura, umetumwa mkaa?" Nikamwambia hapana. Mwalimu akatokea mlangoni. Mara ya kwanza alifungua mdomo sauti haikutoka. Akashika fremu ya mlango, akajaribu tena, na mara hii ilitoka yote, sauti ya mwalimu aliyezoea wanafunzi sitini, ikapita juu ya majiko na redio na watoto.

"Milena! Milenaaa! Njoo ule, chakula kinapoa!"

Niliwaona wanawake wanavyosimamisha mikono, mmoja ameshika kijiko, mmoja ameshika mtoto masikio yana povu. Mama Shani aliweka mkono kifuani. Nikaitika, "Abee, mama!" kwa nguvu zangu zote, nikakimbia, sikutembea, nilikimbia na miaka yangu kumi na minane, kandambili moja ikabaki barabarani. Nilipofika kizingitini Mwalimu alikuwa anahema. Nyuma yangu nikamsikia Mama Shani akiinuka kutoka kwenye karai lake, na sauti yake ikiwa nzito akasema, "Habari za jioni, Mama Milena."

"Nzuri," akasema Mwalimu. "Za kwako?" Akanishika bega tukaingia ndani kula.